Ree Mbili za Fundi Cherehani

Bawaba ya mlango wa fundi cherehani ilikuwa ikilia kiasi cha kumwamsha mtoto. Jumatatu ile mlango ulifunguka kimya. Fundi akadhani mkewe ameitia mafuta, akasonya. Kwake yeye hakuna mtu aliyewahi kufanya jambo la maana isipokuwa yeye mwenyewe.

Jumanne cherehani ilishona bila sauti. Sindano ilipanda na kushuka kama inayoshona chini ya maji. Jumatano mkewe alifungua mdomo kumwita, lisitoke neno. Akajishika koo, machozi yakimtiririka.

Ndipo Fundi alipomkumbuka Mgeni.

Kila Jumapili alasiri, katika chumba cha nyuma ya duka, Fundi alicheza poka na Kinyozi na Muuza Mkaa. Walichezea vifungo vya mashati, na dau lilikuwa na kikomo: unaongeza kimoja kimoja tu. Fundi aliwadharau wote wawili. Kinyozi alitupa karata hata akisikia mtu anakohoa. Muuza Mkaa hakujua anashika nini. Jumapili iliyopita akaingia mtu wa suti ya kijivu, ananuka nywele zilizoungua, akaomba kiti. Mara tatu Fundi alishika jozi nzuri, mara tatu akamfuata Mgeni huku akijiambia ni kimoja tu, na mara tatu akaliwa.

Shangazi wa mkewe, mganga, akaitwa. Alikinusa kile kiti, akatema mate.

"Umecheza na jini, baba. Kila kifungo alichokula, amekula na sauti ya nyumba hii."

"Basi mfukuze, Shangazi. Si ndiyo kazi yako?"

"Huyu haondoki kwa ubani. Atakupa jozi kubwa kuliko zote. Itupe. Iwe inashinda, iwe haishindi, itupe kwa mkono wako, naye atakosa haki ya kukaa hapa."

"Nitupe jozi kubwa? Hiyo si akili ya Kinyozi?"

"Afadhali ya Kinyozi. Mkewe bado anamgombeza."

Jumapili ikafika, na Mgeni akafika. Katika chumba cha mbele binti mdogo wa Fundi alikuwa akiimba huku akipanga vitambaa. Karata zikagawiwa, mbili kwa kila mtu. Fundi akachungulia zake: ree ya kopa, ree ya shupaza. Hakuna jozi inayozidi hiyo. Akaweka kifungo. Mgeni akaongeza kimoja. Kinyozi akatupa karata zake, Muuza Mkaa naye, na Fundi akawatazama kama mtu anayetazama kuku wakikimbia kivuli.

Zikafunuliwa tatu za wote mezani: saba, nane, tisa, zote pao. Mgeni akasukuma kifungo. Fundi akafuata, na wimbo wa binti ukapungua kama mtu aliyetiwa mto usoni. Ikafunuliwa ya nne, kumi ya pao. Sasa pao yoyote mkononi mwa Mgeni, ikitimiza pao tano, ilitosha kuzizika ree zake, na hata mtoto angeliona hilo. Lakini Mgeni alisukuma kifungo kingine kwa ukucha mrefu, na ile harufu ya nywele ikamjaa Fundi puani mpaka kooni, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye rundo, kwa sababu ni kimoja tu, kwa sababu ree ni ree, kwa sababu hawezi kufanana na Kinyozi mbele ya Kinyozi, na huko mbele wimbo ukawa mnong'ono, ukawa pumzi, ukawa uzi mwembamba wa pumzi uliokuwa ukikatika.

Fundi akazitupa ree zake, nyuso juu.

"Nimetoka," alisema.

Mgeni akafunua zake taratibu: mbili ya uru, tatu ya kopa. Takataka tupu.

"Ulikuwa umeshinda," alisema kwa upole. "Ziokote. Mimi sina kinyongo."

Fundi alikalia mikono yake. Jasho lilimdondoka mezani. Ndipo kutoka chumba cha mbele binti akapaza wimbo, na mkewe akaita kwa sauti iliyokwaruza, "Baba wee! Uko salama?"

Mgeni akasimama, akafunga suti yake.

Kinyozi alikuwa akicheka mpaka anafuta macho. "Fundi katupa ree mbili! Fundi mzima! Kwa mbili na tatu!" Akamgeukia Mgeni. "Ndugu yangu, unakwenda wapi? Hapa wachezaji hakuna."

"Sina pa kwenda."

"Basi twende kwangu. Mke wangu na watoto wapo nyumbani, utakula nasi, halafu tutacheza."

Fundi alifungua mdomo amwonye. Akayaona meno ya Kinyozi yaliyo nje kwa kicheko, akajiona anavyoeleza habari za jini mbele ya mtu kama huyu, mtu wa kuchekwa, na sasa yeye Fundi ndiye anayechekwa.

Akaufunga mdomo. Wawili wale wakatoka, Kinyozi amemshika Mgeni mkono.