Kisikizi cha Atupele

Kisikizi kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati. Kila mfanya usafi alikibandika kifuani asubuhi, nacho kikausikiliza moyo wake siku nzima: unavyopiga anapopanda ngazi, anaposugua vyoo, anapovuta mvuke wa dawa za kung'arishia. Kikisikia moyo umelemewa, kilisema kwa upole, "Dada, kaa chini upumzike," kisha kikapeleka onyo ofisini. Tangu kiletwe kwenye minara ya Dodoma, kilikuwa kimewaokoa wanawake wengi. Hilo Nyamizi, mmoja wa wafanya usafi hao, hakulikataa.

Vioo vya nje vilisafishwa na roboti buibui. Ngazi na vyoo vilibaki mikononi mwa wanawake, nao walikuwa na desturi yao: aliyechoka hubebewa zamu. Kwa hiyo mwenzake Atupele alipopata onyo la pili, na kila mtu akijua la tatu ni kuachishwa kazi, Nyamizi alifanya kama walivyozoea. Alikibandua kisikizi cha mwenzake akakiweka kifuani pake, kando ya chake, kisikilize moyo wake badala ya ule uliochoka.

"Sasa una mioyo miwili," Atupele alicheka. "Usije ukampenda mume wangu."

"Yule? Hata mioyo kumi haitoshi."

Kabla ya chakula cha mchana Atupele alianguka ngazini, ndoo ikabingirika hadi chini. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Nyamizi alibonyeza kitufe cha ukutani kuita machelaruka, kitanda cha wagonjwa kinachopaa chenyewe.

"Atupele ni mzima," ukuta ulijibu. "Moyo wake unapiga vizuri."

"Huo ni wangu!"

Ukuta ukarudia jibu lile lile.

Nyamizi alikitazama kile kifungo. Kukirudisha ni kumfukuzisha mwenzake kazi. Alikibandua, akakirudisha kifuani kwa Atupele. Kisikizi kikalia kwa nguvu, na machelaruka ikaja.

Hospitalini Atupele alifumbua macho, akapapasa kifua. "Umenirudishia?"

"Nimekurudishia, shoga."

"Basi kazi ndiyo imekwisha."

Mhandisi Sekela, binti aliyekibuni kisikizi, alikuwa amesimama mlangoni. "Mama zangu, poleni. Nitakirekebisha, kisiweze tena kuhamishwa."

"Kina kosa gani, mwanangu?" Atupele aliuliza. "Chenyewe kiliniambia nipumzike. Walioniambia niondoke ni wa ofisini."

Kabla Sekela hajajibu, sauti ya upole ilisikika kifuani kwa Nyamizi.

"Dada, kaa chini upumzike."

Nyamizi akakiziba kisikizi chake kwa kiganja, upesi, kama mtu aliyefumaniwa akiiba.