Ufunguo wa Chumba Namba Nne

Kamati ya nyumba mpya ilikuwa ndani, ikijadili namna watu wazima wenye ulemavu wa akili watakavyoishi. Watu wazima wenyewe walikuwa koridoni, kwenye benchi, kila mmoja kashikishwa juisi ya boksi na mrija, kama watoto wa chekechea. Makarani waliwaruka miguu, mafaili kwapani.

Dobi alivaa shati jeupe alilolinyoosha kwenye duka la kufulia alikofanya kazi. Kola yake ungeweza kukatia karatasi. Pembeni yake alikaa mwanamke mwenye gauni la njano, viatu vyekundu na harufu ya mkate. Kwenye kiwanda cha mikate alikofanya kazi walimwita Bi Tanuri, kwa kazi yake na kwa ulimi wake.

"Hunywi?" akamuuliza.

"Mimi nakunywa chai."

"Hata mimi. Na hiyo kola, nani kakupigia pasi? Mkeo?"

"Sina mke. Nimepiga mwenyewe."

"Basi sogea huku."

Namba yake ya simu Dobi aliihifadhi kwa picha ya mkate, maana herufi zilimpiga chenga. Kila siku saa kumi, kazi ikiisha, Dobi alimpigia.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula mkate ulioungua. Nilikuwa nakuwaza."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeunguza?"

"Nani mwingine?"

Wakakubaliana: nyumba ikiisha kujengwa, chumba kimoja, vikombe viwili.

Mwenyekiti wa kamati, mzee wa tai pana ambaye hakuwahi kumuuliza hata mmoja wao jina, ndiye aliyemfungulia Bi Tanuri fomu ya Dobi. "Soma hapa: ataishi peke yake. Hawa hawana mambo ya mapenzi, binti. Wanasahau."

Alisema "hawa" huku akimtazama usoni.

Siku tisa picha ya mkate haikupokea simu. Siku ya kumi Dobi alisimama kwenye foleni ya duka la kiwanda, shati halijapigwa pasi.

"Nataka mkate."

"Kanunue kwingine," Bi Tanuri akamjibu kutoka kaunta. "Si unataka kuishi peke yako?"

"Nani kasema?"

"Fomu yako."

"Ile aliijaza dada yangu!"

Mteja wa nyuma akaguna kwamba anachelewa. "Mama, subiri," Bi Tanuri akamwambia. "Hapa kuna ndoa inataka kuharibika."

Jioni ile Dobi alimkuta dada yake akikunja nguo.

"Niliogopa, mdogo wangu. Mama aliniachia nikulinde."

"Dada, nina miaka arobaini. Juzi umeniuliza nataka soksi za rangi gani. Hili hukuniuliza."

Dada akakaa kitandani, soksi mkononi, akalia.

Siku ya kufungua nyumba kulikuwa na utepe, mpiga picha, na maboksi ya juisi kwenye sinia. Wanaume upande huu, wanawake ule. Mwenyekiti akamkabidhi Dobi ufunguo, akaigeuzia kamera meno.

"Na wa pili?" Dobi akauliza.

"Kila mtu chumba chake."

"Sisi ni wawili."

Mwenyekiti akacheka na wageni. "Jamani, watoto wetu hawa!"

"Mtoto gani anatoa mikate mia mbili kabla hujaamka?" Bi Tanuri akauliza. Wageni wakaangalia viatu vyao.

Dada akapita katikati yao na karatasi. "Mwenyekiti, ile fomu nilijibu mimi. Hii hapa nyingine. Safari hii nimemuuliza."

Chini palikuwa na alama ya dole gumba la Dobi. Mwenyekiti akapekua makaratasi yake akitafuta kanuni ya kukataa. Hakuiona, kilichokuwepo ni mazoea tu. Mpiga picha, mbea yule, akaendelea kupiga.

Bi Tanuri akachukua boksi moja kwenye sinia, akalichoma mrija, akamshikisha mwenyekiti.

"Kunywa, baba. Watu wazima wanaongea."

Kisha akamgeukia Dobi na kufumbua kiganja. Dobi akaweka humo ufunguo wa chumba namba nne.

"Nikichelewa kazini, utanifungulia?"

"Bisha kwanza."

"Nitabisha."

"Na uje na chai."