Siku ya Kufua Nyeupe

Kila Alhamisi, kabla ya kwenda shule, Pilipili alimsaidia mama yake kubeba matenga ya nguo hadi mtoni. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani, maana hasira zake zilikuwa karibu. Mama yake alikuwa dobi. Alifua mashuka ya zahanati, akayasuuza, akayaanika, kisha akayapiga pasi ya mkaa mpaka yasibaki na kunyanzi hata moja.

Madobi wote wa pale walifua nyeupe Alhamisi tu. Siku nyingine walifua nguo za rangi. Pilipili alidhani ndio utaratibu wa kazi, kama kukung'uta nguo kabla ya kuanika.

Alhamisi moja mama alikuwa amezamisha mashuka yote mtoni, maji yakageuka mekundu ghafla.

"Mama, yatoe!"

Wapi! Mashuka yalitoka na mabaka kama ya machinjioni. Mama alisugua mpaka vidole vikachubuka, mabaka yakabaki yanamtazama. Muuguzi mkuu alipoyaona, hakutaka maelezo.

"Nimlaze mgonjwa juu ya hili, dobi? Mpaka Jumatatu yawe meupe. La sivyo, kazi nampa mwingine."

Na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Pilipili alikwapua shuka moja bichi, akapanda nalo kando ya mto mpaka kwenye kiwanda cha kutia vitambaa rangi, ambako mjomba wake alikuwa msimamizi.

"Shikamoo!"

"Marahaba. Mbona unaniamkia kama unanitukana?"

"Tazama mlichomfanyia dada yako!"

Mjomba alilitazama shuka, akajikuna shingo kwa mkono uliokolea rangi hadi kiwiko. "Lo! Hakuambiwa? Mkaguzi wa maji hupiga simu kwamba anakuja Alhamisi, wiki hii akasema Jumanne. Basi bomba la kumwaga maji ya rangi mtoni tulilifunga Jumanne, leo tumefungua."

Pilipili aliduwaa. "Kumbe Alhamisi maji huwa safi kwa sababu ya mkaguzi?"

"Madobi wote wanajua, mwanangu. Mama yako pia."

"Kwa nini msiyasafishe kwanza?"

"Tajiri kapiga hesabu. Kuchimba mabwawa ya kuchujia maji ni ghali. Tukikamatwa tunalipa faini, yaishe. Faini ni nafuu."

"Nafuu kwa nani? Vidole vya mama vimo kwenye hesabu hiyo?"

Mjomba aligeukia kazi yake. Pilipili aliteremka huku machozi ya hasira yanamtoka.

"Ulijua, mama!" alifoka alipofika nyumbani. "Ulijua, ukanyamaza!"

Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Punguza sauti. Nilijua. Tulipata siku moja ya maji safi, tukaona inatosha. Na mjomba wako anakula pale."

"Na sisi tutakula wapi?"

Mama alitaka kumkaripia, akavitazama vidole vyake. Kisha akasimama kwa nguvu, ndoo ikapinduka. "Lete hilo shuka. Twende."

Walimkuta mkaguzi ofisini kwake, mwanamke mmoja mwenye miwani mizito. Alisikiliza mpaka mwisho, uso ukabadilika.

"Yaani miaka yote nachota maji niliyoandaliwa?"

"Wewe unabisha hodi kwa simu," alisema mama. "Nani atakupokea na nyumba chafu? Njoo siku ambayo kamba zetu hazina nguo nyeupe hata moja. Wala usimwambie mtu."

Kesho yake mkaguzi alifika bila taarifa, bomba likimwaga rangi waziwazi. Tajiri alitoka anatabasamu, mkono tayari mfukoni.

"Mama mkaguzi, si faini ile ile?"

"Siyo. Mtu akikosea mara moja, namtoza mara moja. Wewe unafanya hivi kila siku, na leo nina mashahidi wanaofua hapo chini. Sheria inaniruhusu kukutoza kila siku bomba hili litakapomwaga uchafu, mpaka ujenge mabwawa. Mashuka ya dobi nayo utayanunua mapya kabla ya Jumatatu. Haya, piga hesabu tena."

Tajiri alipiga, na tabasamu likamwisha. Jioni hiyo hiyo bomba lilifungwa na mashuka mapya yakapelekwa zahanati. Wiki iliyofuata mabwawa yakaanza kuchimbwa, na aliyesimamia wachimbaji ni mjomba mwenyewe.

Pilipili alifurahi, lakini mama alikuwa bado amenuna.

"Mama, si tumeshinda?"

"Tumeshinda, ndiyo. Sikiliza, mwanangu. Kusafisha uchafu kuna gharama. Aliyechafua asipoitoa, gharama haipotei, inamshukia aliye chini yake. Yule tajiri aliuza vitambaa kwa bei rahisi, na sehemu ya bei nilikuwa nailipa mimi kwa vidole hivi. Hilo linaniudhi."

Akainua kidole kilichochubuka, akajielekezea kifuani.

"Lakini linaloniudhi zaidi ni hili: alituachia siku moja, nasi tukamwachia sita."