Jibu Ambalo Bibi Mshonaji Hakulitoa

Kila siku akitoka shule, Chiriku alifua soksi zake, akazianika dirishani, kisha akaenda kukaa kwenye meza ya shangazi yake. Jina la Chiriku alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. "Huyu hata akilala anaendelea na mazungumzo," baba yake alipenda kusema.

Shangazi alikuwa mtafiti wa chuo kikuu. Alichunguza mambo ya uchaguzi: kwa nini katika mtaa mmoja wengine hupiga kura na wengine hubaki nyumbani. Hakutaka utafiti wake uishie kwenye kabati la chuo. Alikuwa akiandika kitabu chembamba ambacho hata fundi baiskeli angekisoma bila kamusi. Meza yake ilijaa karatasi za maswali, zimebanwa kwa vibanio vya nguo.

Jumatatu moja aliitwa chuoni ghafla.

"Limebaki swali moja tu, la bibi mshonaji," alimwambia Chiriku, huku akivaa viatu. "Jana tulikatizwa na wateja wake. Amekubali umuulize wewe. Muulize kwa nini hakupiga kura mara iliyopita, kisha umngoje."

"Nimngoje mpaka lini?"

"Mpaka aseme. Au mpaka aseme kwamba hataki kusema. Hilo nalo ni jibu, utaliandika."

Bibi mshonaji alifanya kazi kwenye kibaraza cha nyumba ya pili. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa juu ya kigoda, naye aliikanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto peke yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Chiriku wangu. Leo umekuja kuniimbia nini?"

Chiriku akasoma swali. Bibi akanyamaza. Akatunga uzi kwenye sindano. Akashona upindo wa sketi kutoka mwanzo hadi mwisho. Chiriku alihesabu vifungo ndani ya kopo, akavihesabu tena. Kimya kile kilimwasha kama upupu.

"Basi, bibi, nitarudi," alisema. Bibi aliinua macho kama mtu anayetaka kusema neno, lakini mtoto alikwisha kushuka kibarazani.

Hakurudi. Watu kumi wengine ambao hawakupiga kura walikuwa wamejibu kwamba wamechoka na siasa. Chiriku akachukua kalamu na kuandika, kwa mwandiko wake mzuri: "Nimechoka na siasa." Alijiambia kwamba hakuna ubaya. Si wote walisema hivyo hivyo?

Shangazi alifurahi. "Wote kumi na mmoja," alisema. "Sura ya mwisho imejiandika yenyewe." Akaandika siku tatu mfululizo. Ijumaa jioni akazipanga karatasi zake.

"Kesho tunakwenda kuwasomea watu majibu yao. Neno la mtu halichapishwi kabla halijarudi kwa mwenyewe. Tutaanza na bibi."

Wakati wa chakula Chiriku hakusema kitu. Baba alimgusa paji la uso, akidhani ana homa. Chiriku aliwaza kwamba kesho bibi atasomewa maneno ambayo hakuyasema. Tena kwa upole wake, huenda asiyakatae, yakaingia kitabuni na kubaki humo.

Akamfuata shangazi mezani. "Shangazi, lile jibu la bibi ni langu."

Shangazi akaweka kalamu chini. "Lako vipi?"

"Alinyamaza. Nikachoka kungoja."

Shangazi alizitazama kurasa zake za siku tatu. Hakufoka. "Umeniumiza," alisema. "Lakini ningeumia zaidi kulijua hili kibarazani. Kesho utamweleza mwenyewe."

Asubuhi Chiriku aliomba radhi kwa sauti ndogo, akauliza swali lake upya. Safari hii aliikalia mikono yake, akangoja. Cherehani ilikwenda, ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Sikuchoka na siasa mimi," bibi alisema. "Siku ile nilitoka mapema, kadi yangu mkononi. Nikaambiwa chumba cha kupigia kura kiko ghorofani. Ngazi ishirini na mbili. Nilipanda nne." Akausugua mguu wake wa kulia. "Vijana wakataka kunibeba. Mtu mzima mimi, nibebwe kama gunia mbele ya wateja wangu? Nikarudi nyumbani. Sijamwambia mtu."

"Tuandike hivyo, mama?" shangazi aliuliza taratibu.

"Andikeni. Ila msiandike gunia." Bibi akacheka kidogo. "Andikeni mzigo."

Shangazi aliifuta sura yake ya mwisho. Akazunguka mtaa upya akiuliza kuhusu ngazi, akawapata wazee wengine saba waliorudi nyumbani kwa sababu ya ngazi, kama bibi. Kitabu kilipotoka, kilisomwa kwenye ukumbi wa maktaba. Msimamizi wa uchaguzi wa mtaa ule alikaa safu ya mbele, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Uchaguzi uliofuata, chumba cha kupigia kura kilikuwa chini, mlango wa kwanza.

"Ona sasa," shangazi alimwambia Chiriku walipokuwa wakimngoja bibi nje ya lango. "Zile ngazi zilimnyima bibi kura yake. Na sisi tulikaribia kumnyima hata neno lake. Mtu akinyamaza, usimjazie. Mngoje. Na ukikosea, sema mapema, kosa lingali dogo."

Bibi akatoka akichechemea, kidole chenye wino kimeinuliwa juu.

"Leo sigusi nguo nyeupe," alisema.

Chiriku alifungua mdomo kumuuliza amempigia nani. Akakumbuka kwamba kura ni siri ya mtu, akaufunga.

Bibi akamshika bega ili ajiegemeze. "Eh," alisema, "mtoto huyu amekua."