Mshono wa Uzi wa Bluu

"Hapa hatupokei mateja wa unga. Mpeleke polisi," alisema karani wa dirishani bila kuinua uso.

"Polisi ndio wamesema nimlete hospitali," alijibu dada fundi cherehani, gauni lake la zambarau limelowa jasho mgongoni. "Sasa nimtupe jalalani? Huyu ni mdogo wangu."

Mdogo wake, kijana aliyekonda kama ufito, alikurupuka akamkwida mwanamume aliyekuwa akipita. Mkono wa shati la mwanamume ukachanika. Hakulipiza. Alimshika kijana mabega taratibu, akamwambia karani, "Mtu anaumwa, nawe unamfukuza kama mbwa. Mungu anakuona."

Kazi yake ndiyo hiyo, kuzishika mkono familia mpaka vijana wao wapate matibabu. Walimwita Mwelekezaji. Siku ileile alimpatia kijana kitanda kwenye nyumba ya tiba. Dada akachomoa sindano kwenye ukosi wake, akamshonea Mwelekezaji shati lake palepale benchini.

"Shati jeupe, uzi wa bluu?"

"Ungetaka mweupe ungechanikia dukani kwangu."

Moyo hauna mlinzi. Ikawa simu asubuhi, simu jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba, fundi wangu. Njaa iliyobaki ni ya kukuona."

Jambo moja tu lilimkera dada: mgonjwa mpya haruhusiwi simu.

"Hata sauti yake tu?"

"Hata sauti. Vumilia."

Akashona mto, akampa Mwelekezaji ampelekee mdogo wake.

Haukupita muda, simu ya Mwelekezaji ikaja. "Mdogo wako ametoroka."

"Ametoroka, au mmemfunga minyororo mkamuua? Kumbe wewe na yule karani ni baba mmoja mama mmoja. Usinipigie tena."

Mwelekezaji alipokuja dukani alikuwa na shati lilelile, mto kwapani.

"Tumempata nyuma ya soko. Yu hai, amerudi kitandani."

"Asante, Mungu wangu."

"Ngoja kwanza." Akautupa mto juu ya cherehani. Pembeni ulikuwa umefumuliwa, nyuzi za bluu zinaning'inia. "Mshono huu naujua, ninao kwenye mkono wa shati hili. Ulimshonea simu humu, nami nikaubeba mwenyewe. Unajua alimpigia nani? Siyo wewe. Muuza unga."

Dada akaketi. "Nilitaka akizidiwa asikie sauti yangu."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, naye angekuwa salama. Halafu muuaji nikawa mimi. Nina hasira mpaka meno yananiuma. Kwa karani, kwa yule mlaaniwa anayewauzia watoto wa watu sumu, na kwako. Na tangu ukate simu sijalala."

"Nisamehe."

"Ushone upya. Mbele yangu."

Akashona kwa mkono, machozi yakidondokea kitambaa. Alipomaliza, Mwelekezaji akaubonyeza kila pembe, kama askari wa mpakani.

"Nataka kuja kwenu na wazee wangu," akasema, bado amekunja uso.

"Na hasira yako?"

"Nitakuja nayo."

Dada akakata uzi kwa meno. "Njooni. Ila kwanza nipeleke siku ya kuonana na wagonjwa, nimwombe radhi mdogo wangu."

"Mkoba wako nitaupekua."

"Upekue."