Mama Aliyetaka Kuwa Dereva

Kila siku akitoka shule, Sindano alivua sare, akala, kisha akaingia chini ya meza ya cherehani kuokota pini. Jina hilo la utani lilikuwa na sababu mbili. Alikuwa binti wa fundi nguo, na alikuwa mwembamba mno, hata jirani mmoja alisema mtoto yule hahitaji ufunguo, anaweza kupita kwenye tundu la kitasa. Mama yake alikanyaga cherehani, miguu yote miwili ikipanda na kushuka, huku akimuuliza saba mara nane, saba mara tisa. Akikosea, cherehani ilisimama.

Alasiri moja cherehani ilisimama ingawa hesabu ilikuwa sahihi.

Dada yake Sindano alikuwa ameingia mbio, koti lake jeupe la kiwanda cha mikate limejaa vumbi, kiatu kimoja mguuni na cha pili hakijulikani kilipo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini, na leseni yake ilikuwa na miezi minane. Ndiye aliyeendesha gari la mikate, na mtaa mzima ulijua hivyo, maana Mama hakuacha mtu apite bila kumwambia. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akajifunika shuka gubigubi. Harufu ya pombe ikabaki mlangoni.

"Umekunywa?" Mama aliuliza.

"Nimemgonga fundi viatu," sauti ikajibu kutoka ndani ya shuka.

Haikupita saa moja, polisi wawili wakafika. Walimpa Dada kifaa kidogo, wakamwambia apulize. Mmoja aliitazama namba, akamwonyesha mwenzake. Wakamchukua akiwa na kiatu kile kile kimoja. Sindano aliwakimbilia na ndala zake mwenyewe, ingawa hazikumtosha Dada hata nusu.

Habari kamili ililetwa na dereva mzee wa kiwandani. Baada ya kusambaza mikate, vijana walikaa nyuma ya ghala kumuaga mwenzao aliyehama kazi. Chupa ya kwanza ilikuwa ya kumuaga, ya pili ya kumshukuru, na ya tatu hakuna aliyekumbuka sababu yake. Kisha Dada akaingia garini kwenda kuliosha. Kwenye kona ya soko gari lilipanda kando ya barabara, likakibeba kibanda cha fundi viatu, na fundi mwenyewe akiwa ameinama anashona soli. Mguu wake umevunjika mara mbili. Dada alishuka, akamwona chini, akakimbia.

"Mashtaka ni matatu, dada yangu," dereva mzee alimwambia Mama. "Kuendesha akiwa amelewa, kujeruhi mtu, na kukimbia. Jela ipo. Leseni ndiyo basi tena. Na akitoka huko na jina bovu, nani atampa hata toroli alisukume?"

"Si ana mdomo? Hawezi kukataa?"

"Vijana wenzake wamemwambia akatae. Uso wake haukuonekana. Watu waliona koti jeupe tu, tena kwa mgongo."

Dereva mzee alipoondoka, Mama alikaa akiishika cherehani kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuanguka. Hakulia. Sindano angependa alie, maana kilio alikizoea. Ukimya ule hakuujua.

Basi akasema jambo ambalo alikuja kulijutia. "Mama, makoti yale unayashona wewe. Lipo moja kabatini. Sema wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha. Wewe hukunywa."

Mama aligeuka kulitazama kabati. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mfa maji hushika hata povu. Akauliza, "Klachi ni ipi?"

Jioni hiyo hakuna aliyepika. Sindano aliwahi kupanda gari la mikate mara kadhaa, kwa hiyo alijiona bingwa. Akampa Mama mfuniko wa sufuria kuwa usukani, akapanga matofali matatu sakafuni. "Hili klachi, hili breki, hili mafuta." Mwiko ukawa gia. Mama alikanyaga, akakata kona, akapiga honi kwa mdomo, na mara moja akamgonga kuku. Siku nyingine wangecheka mpaka mbavu ziume. Siku hiyo Mama alisema tu, "Tuanze tena," na macho yake yalikuwa makavu kama jivu.

Asubuhi walikuwa kituoni, Mama ndani ya koti jeupe ambalo bado lilikuwa na uzi wa kushikizia kwenye pindo. Mpelelezi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Alichukua karatasi, akasikiliza. Mama alieleza kwamba alimwona binti yake amelewa, akamwambia sogea, akashika usukani yeye.

"Unajua kuendesha tangu lini?"

"Siku nyingi, afande."

"Nieleze basi. Ukiwa unaendesha, miguu inafanya nini?"

Hapo hofu ikafuta matofali yote matatu. Miguu ya Mama ikasema ilichokijua kwa miaka ishirini. "Yote miwili inakanyaga pamoja. Vidole, kisigino, vidole, kisigino. Bila kupumzika."

"Na ukitaka kusimama?"

"Naacha kukanyaga, naweka mkono kwenye gurudumu."

"Gurudumu lipi?"

"Hili dogo, la hapa kulia."

Mpelelezi aliweka kalamu chini. Askari mwingine pembeni aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka. Mpelelezi hakucheka.

"Mama," alisema taratibu, "karatasi hii bado haina sahihi yako. Ukiitia, umetoa maelezo ya uongo kwa polisi, na hilo ni kosa lenye kifungo chake. Nitakufungia chumba jirani na binti yako. Halafu huyu mwembamba atabaki na nani?"

"Andika, afande," Mama alisema. "Mimi nimeshaishi. Yeye bado. Andika tu."

Akanyoosha mkono kuchukua kalamu. Sindano aliona waziwazi kwamba mkono ule haukuwa ukienda kumtoa Dada, ulikuwa ukienda kuingia naye. Na aliyeusukuma ni yeye.

"Afande, Mama hajui kuendesha hata baiskeli," alisema. "Nilimfundisha mimi jana, kwa mfuniko wa sufuria. Uongo ni wangu."

Mama aliuacha mkono mezani. Ndipo akalia, kwa sauti, na Sindano akalia naye.

Mpelelezi aliichana karatasi mara mbili. Kisha akawapa dakika tano na Dada. Alisogea kwenye nondo za mahabusu akiwa amevimba macho, akaliona koti jeupe mwilini mwa Mama, akauliza, "Hilo la nini?" Sindano akamwambia yote. Dada aliinamisha kichwa kwenye nondo na hakukiinua mpaka dakika zilipokwisha.

Mahakamani alisomewa mashtaka matatu. Baada ya kila moja hakimu aliuliza, "Ni kweli au si kweli?" Wale vijana wa nyuma ya ghala walikuwa wamekaa benchi la mwisho. Dada hakuwatazama.

"Ni kweli," alisema mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu.

Wiki mbili alirudishwa rumande kungoja hukumu, na kwa wiki mbili nyumba ilikuwa kama ya msiba. Siku ilipofika, hakimu alisema kwamba kosa ni kubwa, ila ni la kwanza na mshtakiwa hakuipotezea mahakama muda kwa uongo. Leseni ilifungiwa miaka mitano. Kifungo cha mwaka mmoja angekitumikia nje, akifanya usafi katika wodi ya mifupa kila siku. Akikosa siku moja bila ruhusa, angeingia jela. Kosa lingebaki kwenye rekodi yake, na kiwanda kilishaajiri dereva mwingine.

Fundi viatu alikuwa bado amelazwa wodi hiyo, mguu umening'inizwa kwa kamba. Sindano alipokwenda kumwomba radhi na Mama, alimkuta Dada anapiga deki chini ya kitanda chake.

"Kaa, mwanangu," mzee alimwambia Sindano. "Nina nafasi, sina miadi. Nyumba yenu ilifanya makosa mawili na nusu. La kwanza, dada yako alishika usukani na pombe kichwani. Pombe na usukani havikai mkono mmoja, hata ukiwa na nguvu za tembo. La pili, aliniacha chini. Hilo ndilo liliniuma kuliko mguu."

"Na ile nusu?" Sindano aliuliza.

"Ile nusu ni yenu. Mlitaka kulizima kosa kwa uongo, dada yako amenisimulia. Kosa ukilikubali lina mwisho. Hili la dada yako lina mwaka mmoja na miaka mitano, nimehesabu. Ukilifunika kwa uongo, nani anajua lingeisha lini, na lingemchukua nani?" Akamgeukia Dada. "Nawe, kona ile bado haijatakata. Rudia."

"Ndiyo, baba," Dada akasema, akapiga magoti, akarudia.