Leyland ya Marehemu Desire

"Bado haijawaka?"

Consolée aliuliza hivyo hata kabla ya kuketi. Vumbi la safari ya kutoka Bwera lilikuwa bado kwenye viatu vyake, na macho yake yalikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, ambako lori kubwa aina ya Leyland lilisimama, boneti wazi, injini nje kama moyo.

"Bado, mama," Nobert akajibu. "Nozo mbili ya kupuliza dizeli bado inasumbua. Nimetuma mtu Kampala."

"Wiki ilipita ulisema pampu."

"Pampu ilipona. Sasa ni nozo."

"Eeh! Hii camion iko na magonjwa kuliko mutu muzee." Consolée akacheka, akakaa juu ya tairi kuukuu. "Bon. Nitakuja tena samedi ingine."

Nobert aliinamisha kichwa, akajifanya anafuta spana. Hakutaka uso wake uonekane, maana alikuwa anadanganya, na furaha ilikuwa imemjaa mpaka shingoni. Jumamosi ingine atakuja. Hilo tu lilimtosha.

Huyu Nobert alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Kasese, lakini kwao Bulembia watu walimjua kwa wazimu wake mmoja: malori ya zamani. Wenzake wakipata nafasi walikwenda kutazama mpira, yeye alilala chini ya lori. Alikuwa amefufua Bedford iliyokuwa imegeuzwa banda la kuku, na kila Jumapili baada ya misa aliitoa kutembea tu, haina mzigo, haina abiria, ili aisikie inavyonguruma ikipanda barabara ya Kilembe. Mke hakuwa naye. Aliyekuwepo alifunga mizigo yake akisema amechoka kulala na harufu ya dizeli.

Leyland ilikuwa ya Desire, mume wa Consolée, aliyeiendesha miaka mingi akibeba chumvi kutoka Kabatoro kwenda Butembo, kule Kongo. Homa ilimchukua Desire, lori likabaki uani Bwera, majani yakaota mpaka kwenye kiti. Wanunuzi wa vyuma chakavu walipoanza kulizungukazunguka, Consolée akasikia habari za yule kichaa wa Bulembia, akampigia simu.

"Siiuzishi," alimwambia siku walipokutana. "Nakupatia uitengeneze, ikuwe yako. Ila kitu moja: siku itawaka, mi njo wa kwanza kusikia."

"Nakubali, mama."

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi. Mwanzoni alikaa mbali na kutazama. Baadaye alikunja mikono ya blauzi yake nyeusi ya kilio, akaosha bolti kwenye beseni la dizeli, akajua kila kitu kinakwenda wapi. Mchana Musoki, dada mkubwa wa Nobert, aliwapikia bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki, wakala wote watatu kwa mikono inayonuka grisi. Jioni Consolée alipanda gari la abiria kurudi Bwera, na uani pale Nobert aliona pamekuwa papana kupita kiasi.

Jumamosi hiyo alipoondoka tu, Musoki akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nobert."

"Ee, dada."

"Hiyo lori si iliwaka mbele ya Pasaka? Kuku yangu yote ilikimbia. Ama nilikuwa naota?"

"Sema polepole, dada."

"Utadanganya mwanamke ya watu mpaka lini?"

"Siku nitamwambia imewaka, atakuja tena hapa kufanya nini?"

"Atakuja kwa sababu umemwambia unampenda. Umemwambia?"

Nobert aliingia chini ya lori ambalo halikuwa na kitu cha kutengenezwa, akalala huko akitazama shafti ya propela.

Jumanne jioni simu yake ikalia.

"Fundi, uko muzuri?"

"Niko, mama. Kuna shida?"

"Hapana. Niko na habari." Consolée akashusha sauti. "Uko unamujua Hardy? Ule anauzishaka vitenge, ananunuaka huku Mpondwe anapeleka Butembo?"

"Nimemsikia."

"Anataka anioe. Dimanche, kisha misa, anakuja na mujomba wake kutafuta jibu."

Nobert alihisi kama mtu ameachia breki ya gari lililo mlimani. Maneno yalimjaa kinywani. Usikubali. Mimi je? Kila Jumamosi tangu asubuhi nasikiliza kila pikipiki inayosimama barabarani. Lakini aliyoyatoa yalikuwa mengine.

"Watu inasema Hardy ni mtu mzuri."

"Mi sikuuliza batu. Nakuuliza weye."

"Kama moyo yako inakubali, mama... kubali."

Akasikia pumzi ndefu upande wa pili.

"Aksanti, fundi."

Simu ikakatika.

Kesho yake Nobert hakufungua duka. Alishinda amekaa uani, na mchana, kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake, akapanda kwenye Leyland akaiwasha. Injini ikakohoa, ikatupa moshi, ikatulia kwenye ule mngurumo wake mzito unaotikisa mabati. Akafunga macho, mikono juu ya usukani.

Hakusikia pikipiki ikisimama barabarani. Alipofungua macho, Consolée alikuwa amesimama mbele ya lori. Hakuwa amelala usiku kucha kwa lile jibu la simu, na asubuhi alikuwa ameamua kuja kumtazama Nobert usoni amuulize mara ya pili. Aliusikia mngurumo tangu kule barabarani. Ulikuwa mngurumo aliousikiliza miaka yote ya ndoa yake, akiupokea ukishuka mlima, akijua mume amefika na chakula kipashwe moto.

Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

Nobert akazima injini, akaruka chini.

"Imewaka leo..."

"Usiniongopee!" Sauti yake ilipasuka. "Mi naosha bolti ya hii injini kila samedi. Hii haikuanza kuwaka leo. Tangia lini?"

"Mama, ngoja nieleze."

"Tangia lini, Nobert?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

"Mbele ya Pasaka."

Consolée akaweka mkono kinywani.

"Mbele ya Pasaka. Na mi nakuja, narudi. Nozo. Pampu. Nilikuwa nalilia hii sauti, weye unaisikiaka peke yako, kisha unakaa na mi hapa unanicheka."

"Sikukucheka hata siku moja."

"Juu ya nini basi?"

"Niliogopa. Ningesema imewaka, ungesikia, ungesema asante, ungeenda. Sikutaka uende."

Consolée akamsogelea hatua moja.

"Unajua mi nilikuwa nangojea nini, weye?"

"Nini?"

"Acha. Ilisha kupita."

Akageuka, akapanda pikipiki ileile iliyomleta. Musoki alitoka mbio akimwita, lakini pikipiki ilikuwa imeshashika barabara.

Alhamisi Nobert alipiga simu mpaka akaona aibu. Haikupokelewa. Akaandika:

"Consolée, nisamehe. Nilifanya vibaya."

Usiku akaongeza:

"Tafadhali hata unitukane."

Ijumaa jioni jibu likaja: "Ile camion uikate vyuma ao uuzishe. Sitaki tena habari yake. Kaa na Mungu."

Jumamosi ilifika na hakuna aliyekuja. Musoki alipika bundu kwa mazoea, likawa jingi, likalala kwenye sahani. Nobert aliketi juu ya lile tairi kuukuu, simu mkononi, akisoma ule ujumbe kana kwamba chini yake kuna maneno mengine.

"Hardy anakwenda kesho?" Musoki akauliza.

"Kesho."

"Na wewe unakaa kwa simu kama mtoto ya sekondari. Nobert, lori iko na magurudumu. Mwenyewe uliifunga."

"Nitamwambia nini mbele ya wageni yake?"

"Kile hukumwambia kwa simu."

Jumapili, kwa mara ya kwanza tangu Desire afariki, Leyland iliingia barabarani. Nobert aliliacha lijaze upepo wa breki, akatia gia ya kwanza, akashuka nalo kutoka Bulembia polepole, likitikisika kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Katikati ya mji wa Kasese watu waliacha kahawa zao kulitazama. Lilipofika uwanda wa mbuga lilichangamka, upepo ukaingia madirishani, na siku nyingine yoyote Nobert angeimba. Siku hiyo alishika usukani kwa nguvu na kuomba rejeta ivumilie.

Haikuvumilia. Kikorongo, pale njia ya Bwera inapochepuka, mvuke ukaanza kutoka puani mwa lori. Akasimama kando ya vibanda. Mwanamke mmoja mtu mzima anayeuza ndizi za kuchoma, Bulandina, akaja na ndoo ya maji bila kuombwa.

"Hii si ya Desire Mkongo?"

"Ni yake, mama."

"Alikuwa anapita hapa na mke yake kwa hiyo kiti. Wanacheka tu. Wewe unaipeleka wapi?"

"Kwa huyo mke."

Bulandina akamwangalia shati lake la misa, lenye doa jipya la mafuta kifuani.

"Basi ngoja ipoe kwanza," akasema. "Ukifungua sasa, itakuchoma uso, na uso unauhitaji."

Bwera, nyumbani kwa Consolée, viti vilikuwa vimepangwa chini ya turubai. Hardy alikuwa amekuja na mjomba wake, suti safi, soda mezani. Consolée alikuwa anawagawia wali. Hapo ndipo ule mngurumo ukaanza kusikika chini ya kilima, mzito, ukibadilisha gia, ukipanda.

Sahani ilibaki mkononi mwake. Mjomba alisema kitu, hakusikia. Majirani wakatoka milangoni. Lori likajitokeza kwenye kona, likaingia mpaka mbele ya ua, breki zikapuliza upepo, likazimika.

Nobert akashuka. Aliona suti, akaona soda, akataka kurudi ndani ya kebini. Badala yake akavua kofia.

"Wageni, munisamehe. Sikukuja kuharibu." Akamgeukia Consolée, akanyoosha ufunguo. "Nilikudanganya. Hii lori si yangu tena, nimeirudisha kwako. Mimi nitarudi na gari ya abiria." Akaikunjakunja kofia. "Na ile siku uliuliza, nilijibu uongo. Jibu yangu ni nakupenda. Ungeniuliza hata mwaka ingine, ni hiyo tu."

Mjomba akaanza kuinuka kwa hasira, Hardy akamshika mkono.

"Kaa, mujomba." Kisha akamtazama Consolée, bila chuki, kama mtu anayehesabu hasara na kuikubali. "Consolée, mi nilikuja kutafuta jibu. Jibu nililiona wakati ile camion ilikuwa bado kule chini. Ulisimama na sahani, ukasahau kama tuko hapa."

"Hardy, pardon. Vraiment, unisamehe."

"Hukuniahidi kitu." Akavaa kofia yake. "Mujomba, tumalize soda, twende. Barabara iko ndefu."

Walipoondoka, Consolée aliweka ile sahani chini. Akamwendea Nobert mpaka karibu, akampiga kofi la kifua, pale pale penye doa la mafuta.

"Mupumbavu!"

"Ndiyo."

"Siku tulimuzika Desire, nilimwahidi Bikira Maria: nitavaa nguo ya kilio mpaka siku camion yake itatembea. Ikitembea, nitajua Desire ameniachilia. Njo nitavua, nitakuwa mwanamuke kama bengine." Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Kila samedi nilikuja na robe mupya mu sac, gauni ya kutoka kilio. Kila samedi! Niivae kwako. Unaniambia nozo, naikunja, narudi nayo."

Nobert akaegemea bampa.

"Mimi nilikuwa najifungia mlango mwenyewe," akanong'ona.

"Na ufunguo mu mufuko."

"Bado umekasirika?"

"Sana. Usifikiri itaisha leo." Akachukua ufunguo mkononi mwake. "Ngoja hapa."

Akapanda kwenye lori peke yake, upande wa abiria, akafunga mlango. Nobert alisimama nje na kugeuza mgongo, maana aliona hayo si yake kuyatazama. Muda ulipita. Majirani waliokuwa wanachungulia wakarudi ndani mmoja mmoja. Mle kebini ilisikika sauti ya chini ya Consolée, kwa Kinande, lugha ya kwao, akizungumza na mtu ambaye hayupo. Kisha akashuka, akaingia nyumbani, akatoka amevaa gauni la kijani lenye mikunjo ya kukaa sana kwenye mfuko.

Ndoa yao ilifungwa Bwera mwezi wa nane, Musoki akicheza mbele kuliko maharusi. Hardy alituma kitenge kizuri na salamu fupi. Kofi la kifua, Consolée husema, halikuwa la mwisho.

Lakini Jumapili ile hakuna aliyekuwa anafikiria mwezi wa nane. Nobert alirudishiwa ufunguo, akaliwasha lori, akangoja upepo wa breki ujae, akimtazama mwanamke wa gauni la kijani aliyeketi pembeni yake.

"Tunakwenda wapi?"

"Endesha tu," Consolée akasema, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Nobert ulioshika gia. "Kona ikifika, nitakuambia."